Ndege Asiye na Mwenzake

Mtu akirudi nyumbani na tatuu mpya, kwa kawaida huulizwa kama iliuma, au kama amelogwa, au atasimamaje mbele ya Mungu na mkono wa namna hiyo. Mama yangu hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliinua ukingo wa plastiki niliyofungiwa mkononi, akamtazama yule ndege mweusi ambaye bado alikuwa anatoa vitone vya damu, kisha akageuza mkono wangu upande wa pili kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Na mwenzake iko wapi?"

"Haina na mwenzake, mama. Ni moya tu."

"Ndege gani inarukaka peke yake?"

"Hii."

Akaishusha plastiki taratibu, akaenda jikoni bila kunipa pole. Pole sikuistahili, najua. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na wangu nilikuwa nimevuka mji mzima kuufuata. Kilichoniudhi ni lile swali, kwa sababu ndilo nililokuwa nalikimbia tangu utotoni, na sasa lilikuwa limenisubiri mlangoni.

Nilizaliwa wawili. Nilitoka mimi, akanifuata kaka yangu, na kaka yangu hakuimaliza mvua ya mwaka ule. Familia yetu ilitoka kaskazini ya Katanga, upande wa ziwa, ikaja Lubumbashi nyuma ya babu aliyefuata kazi ya reli, na kwa watu wetu pacha akienda haachwi aende hivihivi. Babu alichonga kisanamu cha mti, kirefu kama kiganja changu cha sasa, kichwa kikubwa, mikono imelala ubavuni, akampa mama amlee pamoja na mimi. Niliponyonya, naye alipakwa maziwa mdomoni. Nilipooga, alioga. Wanawake wengi waliokuwa na visanamu vya namna hiyo waliviweka kando mtoto alipoanza kukimbia mwenyewe, lakini mama yangu hakumweka kando.

Mpaka leo anakaa juu ya kabati, nyuma ya Bikira Maria wa plasta. Padri akija kubariki nyumba, mama humfunika kitambaa. Padri akitoka, humfunua na kuomba radhi. Kati ya hao wawili walio juu ya kabati, anayeombwa radhi ni yupi sijawahi kujua.

Kwa hiyo nimekula maisha yangu yote kwa kugawana. Samaki akiwekwa mezani, kuna kipande chake. Bukari, ugali wetu, ikipikwa, kuna tonge lake kwenye kisahani, na baadaye mama hulila yeye, kwa niaba yake. Nguo yangu ya Noeli ilikatwa upindo ili naye apate shati. Siku ya komunyo ya kwanza alikuwa ndani ya sakoshi, mkoba wa mama, amevaa nyeupe. Siku ya harusi yangu alivaa tai iliyotoka kwenye kitambaa cha suti ya bwana harusi, na bwana harusi, Mungu amlinde, alimsalimia kwa heshima zote kama shemeji. Nilipojifunza kushona, kazi hiyo ikawa yangu. Nimeshona mashati ya ukubwa wa kiganja yenye vitundu vya vifungo, na nimeyalaani moja baada ya jingine.

Mama anaamini jambo moja kuliko anavyoiamini rozari: pacha aliyebaki akila kitu peke yake, yule mwingine atamvuta. Anasema hatamvuta kwa ubaya, atamvuta kwa hamu. Na mama alikwisha kupoteza mmoja. Hakuwa tayari kumpoteza wa pili kwa ajili ya mkia wa samaki.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu kisichogawanyika. Nilikuwa nimefika umri ambao wanawake huanza kuficha umri wao, nina binti aliyekwisha kuolewa Kolwezi, nina mashine yangu ya kushona na wateja wanaonipigia simu kabla jogoo hajawika, na sikuwa na kitu hata kimoja ambacho naweza kusema hiki ni changu, kizima. Nikajiambia, ngozi haikatwi upindo. Hiyo ndiyo sababu. Wengine huwa na sababu nzuri zaidi.

Mchoraji alikuwa kijana mwenye chumba nyuma ya saluni ya kunyolea, mtu msafi, anayevaa glovu na kubadilisha sindano mbele yako. Nilimwonyesha ndege niliyemtaka, mdogo, mabawa yamefunguliwa. Akaupima mkono wangu wa kushoto kuanzia kiwiko, akakunja uso.

"Mama, moya itaonekana sawa na ile imepotea njia. Tutie mbili, inakuwa na équilibre, inalingana."

Nilimtazama hivi kwamba hakurudia. Alipomaliza, akanipa masharti kwa sauti ya kuhani: nisishike bila kunawa, nisikune, nisiloweshe, nisianike juani, nisiache vumbi liingie. Vazelini kidogo tu, alisema, "sawa vile unapakaka mutoto ku midomo." Nikaitikia yote. Sikufikiria ninaishi wapi.

Ninaishi Ruashi, kando ya mgodi. Ilikuwa majira ya kiangazi, wakati malori ya mgodi yanapita barabarani mfululizo na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sukari iliyofunikwa. Asubuhi unafuta meza, unageuka kuchukua chai, ukirudi unaweza kuandika jina lako juu yake. Yule kijana alisema vumbi lisiingie. Liingie wapi? Lilikuwa limekwisha kuingia tangu mgodi uanze. Nilijifunga kitambaa safi, na jioni nilipokifungua kilikuwa na rangi ya tofali.

Alisema ninawe kwa maji safi. Bomba letu hutoa maji linapojisikia, na wiki ile halikujisikia. Tulikuwa tunanunua bidoni, madumu ya maji, kwa jirani mwenye kisima, na maji ya bidoni lazima yachemshwe, na ili yachemke lazima kuwe na umeme, na umeme na bomba ni ndugu wanaosafiri pamoja. Nikawasha mbabula, jiko la makaa. Makaa yakanipa moshi na jivu, jivu likapeperuka na kutua, mnaweza kukisia, juu ya ndege. Nilikaa pale kwenye kigoda nikiwa nimeinua mkono juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, nikitukana kwa Kifaransa, ambacho mama hudai hakisikii.

Na kazi je? Fundi wa nguo hushona kwa mkono wa kulia lakini huendesha kitambaa kwa wa kushoto. Kila shati lililopita chini ya sindano lilimpangusa ndege wangu. Nyuzi ndogondogo za kikwembe zilinasa kwenye vazelini, nikawa na ndege mwenye manyoya ya kijani na ya manjano. Mteja mmoja aliuliza kama ni fasheni mpya.

Halafu kukaanza kuwasha. Hapo ndipo nilipotaka kulia hasa. Maumivu unaweza kuyavumilia, unauma meno, yanapita. Muwasho haupiti. Unakaa chini ya ngozi na kukuita. Nilipiga makofi juu ya mkono, nikaupuliza, nikauegemeza kwenye ukuta wa baridi, nikajikuta nimekwisha kuinua rula ya kupimia ili nijikune. Jumapili kanisani mama mmoja wa parokia, mwanamke mwenye upendo mwingi na viganja vya mfinyanzi, alinisalimia na kunishika mkono kwa mikono yake miwili, palepale juu ya ndege, akaniuliza habari za binti yangu, za mume wangu na za biashara, akinisugua kwa kila swali. Niliimba wimbo uliofuata kwa sauti ya juu kuliko wanakwaya wote.

Mume wangu alikuwa Kasumbalesa wakati huo, amekwama na lori lake kwenye foleni ya forodha, kama anavyokwama kila safari. Alinipigia simu.

"Ndege yako inaendelea?"

"Iko nawasha tu. Na weye?"

"Mi niko palepale. Wewe uko na ndege, mi niko na camion. Tutaona nani atafika wa kwanza."

Nilikata simu. Nilikuwa nampenda, lakini sikuwa na nafasi ya mzaha.

Haya yote ningeyavumilia. Yaliyonishinda ni ya mama. Kuanzia siku ya kwanza, nikichukua mkebe wa vazelini, aliunyosha mkono wake kwanza. Alimshusha kaka yangu kutoka nyuma ya Bikira, akakunja kijikono cha shati lake, akampaka mkono wa kushoto. Ndipo akanirudishia mkebe. Nikifunga kitambaa, naye alifungwa kitambaa. Nilimwambia mama kwamba yule hana kidonda.

"Njo vile," akasema. "Haina nayo. Na weye uko nayo. Unaona sasa?"

Sikuona, na sikutaka kuona. Nilimwambia kuwa huyu ndege ni wangu, peke yangu, na kuwa nimekwisha kugawa samaki, sukari na Noeli, na hapa pamefika mwisho. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama yule kijana anaweza kuchora kwenye mti.

Alasiri moja nilisinzia kwenye kiti baada ya kumaliza sare za shule za watu. Niliamka nikaona mkono wangu wa manjano. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, kwenye mapaja yake kumejaa maganda ya kapsuli, nusu nyekundu, nusu njano, zile ambazo kila nyumba ya mji huu inazo kwenye kikopo pamoja na sindano na vifungo. Alikuwa amezifungua moja moja na kummwagia ndege unga wote, kwa uangalifu, bila kuniamsha, kama anavyonyunyizia chumvi samaki. Ndivyo alivyotibu magoti yangu nilipokuwa mdogo. Ndivyo mtaa mzima unavyotibu. Juu ya kabati, mkono wa kaka yangu nao ulikuwa wa manjano.

"Itakauka mbio," alisema, amefurahi.

Ilikauka, ni kweli. Ilikauka ikawa ganda gumu kama ukoko wa bukari, na chini ya ganda mkono ukaanza kupiga kama moyo wa pili. Bawa la kushoto likavimba. Nikaenda kwenye zahanati ya jirani, na muuguzi aliponifungua alishusha pumzi kama mtu aliyekutana tena na adui wa zamani.

"Nani alitia hii unga? Kapsuli ni ya kumeza, haina ya kumwanga."

"Mama yangu."

"Bote banasemaka mama yangu."

Alililoweka lile ganda, akalitoa polepole, na pamoja nalo kikatoka kipande cha bawa. Nilikiona kwenye pamba, cheusi, kidogo kama unyoya kweli. Alinipa dawa ya kumeza na akaniambia niache mkono upumue. Njiani kurudi nililia kwa hasira, hadharani, kati ya malori, na vumbi likanishika mashavuni, kwa hiyo nilifika nyumbani na mistari miwili usoni.

Mama aliuona mkono, akaiona na mistari ya usoni. Akageuka kuangalia juu ya kabati.

"Iko naomba yake," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani iko naomba?"

"Unayua nani. Umupatie, mama. Umupatie tu, utapona."

Hapo nikapasuka. Nilisema yote. Nilisema kwamba ndege ameharibika kwa sababu ya kapsuli zake, wala si kwa sababu ya mtu mwingine. Nilisema nimechoka kuwa nusu ya mtu tangu kuzaliwa. Na mwishoni nikasema: "Mama, ile ni muti! Muti sawa ile ya kuwashia moto!"

 Mama yangu ana jibu kwa kila kitu, ana jibu hata kwa askofu redioni, na siku ile alinipa mgongo. Alimchukua kaka yangu, akamfunga kwenye kitambaa, akaenda naye chumbani kwake. Mchana aliweka mezani sahani yangu. Kisahani cha kaka yangu hakikuwepo. Nilikitafuta kwa macho kabla sijajua ninatafuta nini, kisha nikala samaki mzima, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na alikuwa na miiba mingi.

Nilikuwa nimeshinda, basi. Ndivyo nilivyotaka iwe. Lakini siku zilizofuata kila nikikohoa mama alitokea mlangoni. Nikichelewa kutoka msalani alibisha hodi. Asubuhi nilipofungua macho nilimkuta amesimama karibu na kitanda, ananitazama kifua, na nilipomuuliza anatafuta nini alisema anatafuta mkasi. Alikonda. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa inanihusu mimi, na hata hilo lilinikera, kwa sababu mtu hawezi kukaa na hasira yake kwa amani huku mwenzake anahesabu pumzi zake.

Jumapili baada ya misa sikumwona. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, mahali ambapo ukuta unazuia upepo. Kaka yangu alikuwa mapajani mwake, amevuliwa nguo. Kando yake kulikuwa na kifuniko cha chupa chenye masizi ya chungu yaliyochanganywa na mawese, na mkononi alishika sindano yangu, ile nene ninayoshonea jinzi. Alikuwa anajaribu kumchoma ndege kwenye mkono wa mti. Vidole vyake vinatetemeka siku hizi. Sindano iliteleza, ikachora mstari mahali pasipotakiwa, na kidole chake cha gumba kilikuwa kinatoka damu.

Sikuenda pale kwa huruma. Ukweli ni kwamba mimi ni fundi, siwezi kutazama mtu akiishika sindano vile.

"Leta hapa," nikasema. "Uko naharibu."

Akanipa vyote viwili, haraka, kabla sijabadili nia.

Nilikuwa sijamshika kaka yangu bila nguo tangu nilipokuwa mtoto wa kuoga naye kwenye beseni moja. Kumvisha na kumvua ilikuwa kazi ya mama. Mimi nilikuwa nashona tu, kwa vipimo nilivyovijua kwa kichwa. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka, mweusi kwa mafuta ya miaka yote ile. Nikamgeuza nitafute mahali laini pa kuanzia. Kidole changu kikakwaruzwa na kitu kidevuni mwake, chini ya mdomo. Palikuwa na mkato mdogo, wa zamani.

Mimi nina kovu palepale. Nilianguka kwenye bomba la maji nikiwa na bidoni kichwani.

Nikatazama goti lake la kulia. Mikato miwili, kama yangu, ya baiskeli ya baba. Bega: kidoti kimoja, cha chanjo. Kiganja: alama ya pasi ya makaa, siku nilipojifunza kushona na kujifunza pia kwamba pasi haishikwi tumboni. Nilikuwa napitisha kidole na kila mahali kidole kilijua kinakwenda wapi. Kisha nikafika chini ya kitovu. Palikuwa na mstari mmoja mrefu, umekwenda sawasawa kutoka upande huu hadi upande ule.

Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia.

"Mama, huyu ni mwanaume."

"Najua ni mwanaume. Mi njo nilimuzala."

"Sasa mwanaume alizala lini?"

Mama alikuwa ananyonya kidole chake chenye damu. Akakitoa mdomoni.

"Ile siku balikupasua tumbo yulu ya kutosha mutoto. Balifunga mulango ya bloc, kule banapasuliaka bantu. Mi niko inje, niko na yeye mu sakoshi. Hawatoki, hawasemi kintu. Ningefanya nini? Nikatosha wembe mu sakoshi. Nikamuambia, shi ni dada yako, beba nusu."

Cheko langu likaisha lenyewe. Kila mkato, akasema, alimkata siku ileile. Bomba, baiskeli, pasi. Maumivu ya mtu mmoja ni mengi mno kwa mtu mmoja, ndiyo hesabu yake, na mimi sikuzaliwa mmoja.

"Na chakula?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Na nguo zote zile? Na samaki?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Muntu anabeba na njala?"

Nilimwinamia kaka yangu kwa sababu sikutaka kutazamwa usoni. Nilimpenda mama yangu wakati ule mpaka nikakasirika upya, kwa nini hakusema, kwa nini ameniacha nikimwonea wivu kijiti hiki kwa mkia wa samaki, miaka yote hii, huku kinanibebea tumbo lililopasuliwa. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nilichovya sindano kwenye masizi nikaanza kazi. Mti ulikuwa mgumu kuliko jinzi. Nilimtoboa kitone kwa kitone, ndege wa ukubwa wa punje ya mchele, mabawa yamefunguliwa, na bawa la kushoto nikaliacha na upungufu uleule wa langu, kwa kuwa kama ni kugawana basi tugawane na ubaya wake. Mama alishika kifuniko cha masizi kwa mikono miwili ili kisimwagike. Kila nilipochoma, alifumba macho.

"Moya tu?" aliuliza nilipomaliza.

"Moya ku yake, moya ku yangu. Hesabu."

Akahesabu, kwa kidole, mkono wangu na mkono wa kaka yangu. Akatosheka. Akamvisha shati, akampaka vazelini kidogo, halafu akanipaka mimi, kwa utaratibu uleule ulionitia wazimu wiki nzima, na nikaacha mkono wangu utulie mbele yake.

Kidonda hakikupona siku hiyo, msinidhanie. Lilikuwa bado na joto lile bawa, na vumbi lilikuwa bado linapita juu ya ukuta, na jikoni bomba lilikuwa kavu kama lilivyoachwa. Na palepale, kabla hata mkebe haujafunikwa, kukaanza kuwasha tena, kuwasha kwa kweli, kule kwa kukufanya utamani kuvua ngozi. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Mama akanipiga kofi dogo kiganjani.

"Balikukatalia kukuna."

"Najua balinikatalia! Sasa nifanye nini?"

Akaniwekea kaka yangu mapajani.

"Shi umukune yeye."

Mtu mzima mimi, mama wa mtoto aliyeolewa, nikakaa nyuma ya nyumba mchana mweupe, nikakunja kijikono cha shati nililolishona mwenyewe, nikamkuna kaka yangu kwa ukucha, polepole, juu ya bawa. Mama alinitazama uso, si mkono.

"Inapunguka?" akauliza.

"Nusu," nikasema.